Kitabu Hiki Hakimjui Omena

Sentensi niliyoisoma mara nyingi kuliko zote maishani haikutoka kwenye kitabu chochote. Ilitoka kwenye madaftari ya watoto: "Kitabu hiki ni kizuri sana na kinatufunza tuwe na bidii." Iliandikwa kuhusu sungura mjanja, kuhusu kuku aliyepotea, kuhusu yatima aliyelipiwa karo na msamaria. Niliisoma Rongo, nikaisoma Ndhiwa, nikaisoma tena Karungu. Mwandiko tu ndio uliobadilika.

Haikuwa ajabu. Nilipotoka Chuo cha Ualimu cha Asumbi nilijua kusahihisha insha kwa alama 40, na insha ya kupata alama hizo ilitarajiwa ifunguliwe kwa methali na ifungwe kwa funzo. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulilea watoto waliofungua kitabu cha hadithi huku wakiuendea mbio ukurasa wa mwisho, maana huko ndiko funzo lilikokaa. Ukimuuliza mmoja wao kama hadithi ilimchekesha, alikutazama kama mtu uliyemtega.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, darasa langu upande wa Karungu lilifurika. Wengine walikaa sakafuni, wengine kwenye madirisha. Pesa za serikali zilileta vitabu vya kiada. Vya hadithi vilikuwa vichache, vimefungiwa katika sanduku la bati ofisini visichafuke. Niliomba ufunguo. Nikaombwa niandike barua. Nikaandika. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, sanduku lilibebwa na wavulana wawili hadi chini ya mwembe, kila mtoto akachagua kitabu, na Ijumaa iliyofuata akaja kusema habari zake. Kusema tu, kwanza. Aliyetaka kusema kwa Dholuo alisema kwa Dholuo. Kalamu ilikuja baadaye sana, kwa wale ambao maneno yalikuwa yamewajaa.

Uhakiki wa kwanza uliostahili jina hilo niliupata kwa mvulana wa darasa la nne ambaye baba yake alikuwa mvuvi. Alikuwa amesoma kijitabu cha mvuvi anayetoka asubuhi na ndoano yake na kurudi jioni mashua imejaa omena, dagaa wa ziwani. Alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini kama inaruhusiwa kuandika jambo baya juu ya kitabu cha shule. Nikamwambia aandike analojua. Akaandika: "Mwenye kitabu hiki hamjui omena. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa watu hulala nyumbani. Havuliwi kwa ndoano, huvuliwa kwa wavu wenye matundu madogo. Kuanika ni kazi ya akina mama lakini hakuna mama hata mmoja katika kitabu. Picha ni nzuri."

Nilimpa asome mbele ya wenzake, na darasa likalipuka. Hapakuwa na funzo, wala bidii, wala "kizuri sana" isipokuwa kwa picha, ambazo kweli zilikuwa nzuri. Palikuwa na mtu anayejua kitu, akikipima kitabu kwa anachokijua.

Siku chache baadaye baba yake alifika shuleni, kofia mkononi.

"Mwalimu, mtoto anasema umemwambia aseme kitabu ni cha uongo. Kesho si ataniambia mimi ni mwongo?"

"Mzee, keti kwanza umsikie alichoandika."

Mvulana akasoma. Mzee alisikiliza akitazama chini, na mwana alipomaliza akakaa kimya kidogo, halafu akasema: "Amesahau karabai. Andika kwamba karabai inakula mafuta kuliko pesa anayoleta omena." Siku zile taa za sola zilikuwa hazijaingia ufuoni. Mtoto akaongeza sentensi hiyo palepale, na mimi nikapata mzazi wa kunitetea kwenye mikutano yote iliyofuata.

Ruhusa hiyo ya kukosoa vitabu ilileta balaa yake. Kwa muda mrefu kila mtoto aligeuka mwendesha mashtaka. Mmoja alikilaumu kitabu kwa sababu simba alizungumza. Mwingine alihesabu vituo vilivyokosekana. Kukosoa ni rahisi ukishapewa ruhusa, na kwa mtoto wa miaka tisa ni kutamu kama miwa ya Awendo. Kazi yangu kubwa, nikiitazama leo, haikuwa kuwafundisha ujasiri, waliokuwa nao tele. Ilikuwa kuwarudisha kwenye ukurasa. Nikaweka masharti machache: taja ukurasa uliposimama ukacheka, ukaogopa au ukachoka, mwandikie mwenzako ambaye hajasoma, usimwambie mwisho. Sharti hilo la mwisho liliwatesa kuliko hesabu za kugawanya. Mtoto mdogo akijua siri huwaka nayo. Lakini anayejaribu kuificha hulazimika kutafuta kitu kingine cha kusema, na hapo ndipo anapoanza kuzungumza juu ya watu waliomo hadithini.

Karatasi hizo hatukuzibandika ukutani. Ukuta ni wa wageni na maafisa wa elimu. Tulikata vipande vya manila, tukavibandika kwa gundi ya unga ndani ya jalada la nyuma la kitabu chenyewe, ili atakayefuata avikute na aandike chini yake. Gundi hiyo mende waliipenda mno, lakini vipande vilivyonusurika viligeuka mabishano yaliyodumu mihula na mihula, baina ya watoto ambao pengine hawakuwahi kuketi darasa moja.

Nilihamishiwa Isebania, mpakani. Huko Kiswahili hakingoji kengele ya shule. Kinavuka kutoka Sirari pamoja na mchele na vitenge, na mtoto wa Kikuria huweza kukutumbulia macho ukisema Kiswahili cha kitabuni. Hekaya za Abunuwasi ziliwapendeza kupita kiasi. Ile ya sufuria iliyozaa ikafa mnaijua: Abunuwasi anarudisha sufuria ya jirani pamoja na kisufuria kidogo, akisema imezaa, safari nyingine anaazima, harudishi, anasema imekufa. Watoto niliowafundisha kabla walimcheka jirani mjinga. Msichana mmoja wa Isebania, ambaye mama yake aliuza vyombo sokoni, hakucheka. Aliandika kwamba jirani hakuwa mjinga, alikuwa mroho. Alijua sufuria haizai ila alinyamaza kwa sababu alikuwa akipata faida, na mama yake anao wateja wa namna hiyo wengi. Nimewasikia watu wazima wakizichambua hekaya hizo bila kufika alikofika yule mtoto kwa mistari mitano.

Mradi wa Tusome ulipoenea nchini kuanzia 2015, ulimwekea mtoto wa darasa la kwanza kitabu chake mwenyewe mkononi, jambo ambalo sisi wa sanduku la bati tulilitazama kama muujiza. Wapimaji walikuja na saa zao kuhesabu maneno ambayo mtoto anasoma kwa dakika. Sina ugomvi na saa. Asiyejua kusoma hawezi kuhakiki. Ila wahakiki wangu bora walikuwa wasomaji wa polepole, wale wanaorudi nyuma kutazama kama kweli fisi alisema alivyosema. Kilichonisaidia zaidi ni hadithi za mradi wa African Storybook, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma bure, kuzitafsiri na hata kuzibadilisha. Mtoto aliyelalamika kwamba mwisho haukumridhisha nilimwambia, basi, andika mwisho wako. Wengi walifyata. Wachache waliandika, na hao walikuwa wapole zaidi walipohakiki vitabu vya wengine.

Mtaala mpya ulipoanza 2019, kile tulichokifanya chini ya mwembe kilipata kibali rasmi, na kibali kilikuja na jedwali: amezidi matarajio, ametimiza, anakaribia, yuko chini. Nilijaza kama nilivyotakiwa. Lakini nimweke wapi mtoto aliyeandika, "Niliacha ukurasa wa 12 kwa sababu nilianza kumwogopa baba wa kambo na hakuna mtu wa kunisomea"? Nilimweka juu kabisa, na mkaguzi akaniuliza, mtoto hakumaliza kitabu, amezidije? Tulibishana hadi chai ikapoa. Alama yake haikubadilishwa.

Miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia karibu na Kendu Bay, mwendo mfupi kutoka Simbi Nyaima, ziwa ambalo kila mtoto pale anajua asili yake: bibi kizee aliyefukuzwa penye sherehe, mwanamke mmoja aliyemkaribisha, na usiku ule kijiji kizima kikazama. Marehemu Asenath Bole Odaga, aliyewaandikia watoto wa ukanda huu kwa Dholuo na Kiingereza, alikipa kisa hicho maisha ya kitabuni. Sisi tulikuwa na masimulizi mafupi ya Kiswahili tu, yamechapwa kwa kompyuta ya shule na kushonwa kwa uzi. Hakuna kitabu kilichovuta maneno makali kama hicho, maana kila mhakiki alikuwa na toleo lake nyumbani. Kipande cha kwanza kilisema hadithi imemwonea mwanamke mwema kwa kutomtaja jina. Cha pili kilipinga: hata nyanya yake anayesimulia hakuwahi kumtaja. Cha tatu kilitoka kwa msichana wa Kanyadhiang, kwa herufi kubwa: kijiji hakikuzama kwa maji ya ziwa, kilizama kwa mvua, na yeye anao ushahidi kwa sababu nyanya yake ndiye aliyemwambia. Chini yake mtu aliandika kwa penseli: "Nyanya yako alikuwapo?" Nafasi ilikuwa imekwisha. Msichana akaja mezani kwangu, mkono kiunoni, kudai kipande kingine cha manila.