Ahadi na Akiba

Ahadi ni deni. Neno hili, msomaji, umelisikia tangu utoto, na pengine umelizoea hata halikushtui tena. Nataka nikuonyeshe mahali ambapo deni hilo huhesabiwa kwa dakika na hulipwa kwa mashine.

Ukipanda Upper Hill, jijini Nairobi, utaona majumba marefu ya mabenki na makampuni ya bima. Mnara wa Britam, uliokamilika mwaka 2017, umefikia mita 200. Jirani yake ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Fedha na afya zimekaa kilima kimoja, na kazi zote mbili siku hizi hazisogei bila ya kompyuta. Lakini si kila ofisi inayomiliki kompyuta zote inazozitumia. Nyingi hukodi nguvu za mashine zilizo mbali, kama mtu alipiavyo maji ya bomba bila ya kumiliki mto. Desturi hii huitwa kompyuta za wingu, ingawa wingu lenyewe ni majumba yaliyojaa safu za mashine, umeme na mitambo ya kupoza joto. Wala usidhani kuwa ni elimu ya wageni peke yao: EC2, huduma ya kampuni ya Amazon iliyotolewa mwaka 2006, ilitungwa kwa sehemu kubwa na wahandisi waliokuwa Cape Town.

Mkodishaji na mkodi huandikiana mkataba. Ahadi ya kwamba huduma itapatikana asilimia 99.9 ya wakati yaonekana kamilifu. Chukua kalamu uihesabu. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Basi ahadi hiyo imeruhusu dakika 43 za kukosekana. Asilimia 99 huruhusu saa 7 na dakika 12. Tarakimu moja nyuma ya nukta hutenganisha usumbufu na hasara.

Kuwaka kwa mashine hakutoshi. Lazima ijibu upesi. Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa Denmark, aliandika mwaka 1909 juu ya wingi wa simu, na elimu ya foleni ikakua kutokana na kazi yake. Fikiri mashine iwezayo kujibu maombi 10 kwa dakika, na maombi yanakuja bila ya kupangana, mengine mepesi, mengine mazito. Yakija 5 kwa dakika, kila moja humalizika kwa wastani wa sekunde 12. Yakija 9, ni dakika nzima. Yakija 99 kwa kila dakika 10, ni dakika 10! Kazi imeongezeka kwa sehemu moja ya kumi tu, na kungoja kumeongezeka mara kumi.

Huko kungoja kuna wenyewe. Mwanzo wa muhula mmoja, mwanafunzi wangu alizuiwa langoni kwa sababu risiti ya karo haikuwa imefika. Mama yake alikuwa amekwisha lipa kwa simu alfajiri, lakini wazazi wengi walilipa asubuhi ile ile, na mfumo wa malipo ukazidiwa. Mtoto alikaa chini ya mti mpaka adhuhuri, na masomo yake ya asubuhi yakampita. Fedha haikupotea, siku ilipotea.

Utasema, basi na ziwekwe mashine tele. Methali yetu yasema akiba haiozi, lakini akiba hii huoza. Saa ya mashine isiyotumiwa leo haiwekwi ghalani kwa kesho. Umeme umekwisha liwa, na gharama humrudia mteja. Uchache huvunja ahadi, na wingi huvunja mfuko. Mtunza mashine mwenye busara husoma kalenda: hujua mwisho wa mwezi una mishahara na mwanzo wa muhula una karo. Huamsha mashine za nyongeza kabla ya umati kufika, kwani nazo huchukua muda kuwa tayari, na huzilaza umati ukipungua. Hupanga kazi kwa uzito wake: cheti cha mgonjwa hutangulia, taarifa za mauzo hungoja usiku wa manane. Tena haahidi asichokipima.

Mimi ni mwalimu, na katika chuo cha ualimu nilifundishwa kuandaa somo kabla ya kengele kulia. Kwa hiyo kazi ya watu hawa si ngeni kwangu, wala isiwe ngeni kwako. Nawe, utakapokabidhiwa kazi ya kuhudumia watu, ya mashine au ya mikono, usingoje foleni ikuonyeshe upungufu wako. Hesabu nguvu zako mapema, acha nafasi kidogo kwa lisilotazamiwa, kisha ndipo utoe neno lako. Aliye langoni hajui hesabu zako. Yeye anajua ahadi tu.