Kofia mbili za kibodi ya Mama

Nimekuwa kimya kidogo, kazi ni nyingi. Leo tuongee juu ya kibodi za mekanika, maana kila mgeni akiona meza yangu huuliza hizo rangi ni za nini, na kwa nini mtu atoe pesa kununua kibodi ilhali tarakilishi ilikuja na yake.

Kibodi ya kawaida ina mpira uliotandazwa chini ya vitufe vyote, na ili herufi itokee lazima ubonyeze hadi chini kabisa. Kibodi ya mekanika ina swichi chini ya kila kitufe, yenye springi yake. Chukua swichi nyekundu ya Cherry MX, ambayo wengi huanza nayo: inashuka milimita 4, lakini herufi hutoka ukifika milimita 2, kwa uzito wa gramu 45 hivi. Huna haja ya kugonga sakafu. Ya buluu hulia tik-tik kila herufi. Kama unaishi bedsita na mtu mwingine, hiyo usinunue, mtakosana.

Juu ya swichi kuna kofia, yaani kile kipande cha plastiki chenye herufi, na hapa ndipo raha ilipo. Kichwa cha swichi ya Cherry kina umbo la msalaba, na viwanda vya China kama Gateron na Kailh vimefuata umbo hilo hilo. Kwa hiyo kofia za huyu huingia kwenye swichi za yule. Unang'oa kwa kikoleo cha waya, unapachika nyingine, basi.

Ukinunua kofia, uliza plastiki kwanza. ABS ikitumika sana huanza kung'aa kana kwamba imepakwa mafuta. PBT huvumilia zaidi. Kisha tazama herufi zilivyowekwa. Zilizochapwa juu juu hufutika, na kwa anayeandika Kiswahili A ndiyo ya kwanza kwenda. Zilizomiminwa kwa plastiki mbili hazifutiki, maana herufi imepenya hadi ndani. Tazama pia Enter: tarakilishi nyingi kuukuu zinazouzwa Nairobi zimetoka Uingereza na Enter yake ni ndefu kwenda chini, ilhali seti nyingi za kofia zina ile bapa ya Marekani. Jambo la mwisho ni kimo. Katika seti nyingi kila safu ina mwinuko wake, hivi kwamba kofia ya safu ya Q haikai vizuri kwenye safu ya A. Lishikeni hili, nitalihitaji.

Sasa niwaambie kwa nini mimi si mpenzi wa rangi tu. Mama yangu ni karani wa kanisa huko Murang'a. Kila Ijumaa huchapa matangazo ya Jumapili kwa Gĩkũyũ, lugha yenye irabu saba: a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Kibodi aliyopewa ina tano. Kwa miaka yote amekuwa akichapa nakala moja, anaketi na kalamu nyeusi, anaweka viwimbi kimoja kimoja juu ya herufi, ndipo anapeleka fotokopi. Vijana wa kanisa humwambia aache, watu wataelewa tu. Yeye husema jina la marehemu haliandikwi nusu.

Nami naona ana haki. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya zake kwa lugha hiyo kuanzia Caitaani Mũtharabainĩ ya 1980, na alipofariki Mei 2025 kurasa nyingi za habari zilimwandika Ngugi tu. Hakuna aliyekusudia kumdharau. Ni kwamba kitufe hakipo, na mwandishi ana haraka.

Basi nikamnunulia kibodi ya mekanika ya vitufe 87, inayokubali QMK. Hii ni programu huria inayoishi ndani ya kibodi yenyewe na kuamua kila kitufe kitume nini. Anayeanza aelewe: kofia haijui herufi. Ukipachika kofia ya B mahali pa N, bado utapata N. Kazi ni mbili, ya plastiki na ya msimbo.

Nilichagua vitufe vya mabano mraba, vile viwili vilivyo kulia kwa P. Mama hana kazi na mabano mraba, na viko safu moja na U na I, kwa hiyo kimo ni kile kile. Katika msimbo nilivipa U+0129 na U+0169, na ukishika Shift vinatoa kubwa, U+0128 na U+0168. Kwa kuwa tarakilishi yake ni ya Windows, niliweka pia WinCompose, programu ya bure inayopokea namba hizo na kuzigeuza herufi. Wenye Linux mna bahati, mpangilio wa Gĩkũyũ umo tayari chini ya Kenya.

Kofia zenyewe? Nilinunua mbili tupu za PBT, nikampelekea fundi mmoja wa mjini anayechonga majina kwenye vikombe vya mashindano. Alicheka, akazichonga kwa leza, nami nikajaza mitaro kwa rangi ya kucha ya dada yangu. Nyekundu. Nyeusi ilikuwa imekwisha.

Ijumaa ya kwanza alichukua muda mrefu kuliko siku za kalamu, vidole vilikuwa vinatafuta. Ya tatu akanipigia simu saa nane mchana, matangazo yakiwa yameshatoka, na akanisomea orodha ya wagonjwa na ya harusi, majina yote, kama mtu anayekagua mizigo.

"Sasa baba," akasema (mimi nina jina la baba yake), "na ile ya ng' utaiweka lini?"

Nilimweleza kwamba ng' anaipata kwa vitufe vitatu vilivyopo. Akasema anajua, lakini nafasi iko pale karibu na Enter, ameiona. Kitufe hicho, yule mkwaju wa kurudi nyuma, ni kipana kuliko vingine, kwa hiyo kofia ya kawaida haitaenea. Fundi wa vikombe anasema nimletee nione.