Safari ya Kutafuta Kanga ya Kikundi

Kikundi chetu cha akina mama wa Turiani kilipoamua kuwa na kanga yake chenyewe, kazi ya kwenda Dar es Salaam kuulizia ilinifikia mimi, katibu. Nimezaliwa na kukulia chini ya milima ya Nguru, na safari zangu za mbali zilikuwa zikiishia Msamvu, Morogoro mjini. Jiji nilikuwa sijalikanyaga. Ndani ya mkoba nilikuwa na orodha ya wanachama 80 na mchoro tuliouchora wenyewe: mji, yaani sehemu ya kati, wenye miwa kwa heshima ya mashamba ya Mtibwa, pindo la vilele vya milima, na rangi saba ambazo hatukutaka hata moja ipungue.

Gari liliondoka alfajiri. Tukatokea Magole, tukaingia barabara kuu ya Dodoma, tukavuka Mto Wami pale Dakawa, na kufika Msamvu jua likiwa limeshapanda. Hapo nikapanda basi la Dar es Salaam na kukaa na mama mmoja mtu mzima aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, idara ya kuchapa. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, aliomba kuuona mchoro.

Aliutazama sana, akaanza kuhesabu rangi kwa kidole. “Mwanangu,” aliniambia, “kila rangi hapa ina skrini yake. Rangi saba ni skrini saba, na zote zinatengenezwa kabla kitambaa hakijapita hata mita moja. Gharama hiyo mkigawana watu 80 mtaumia. Wakigawana watu wengi, hakuna atakayeisikia.”

Kutoka Chalinze hadi Kibaha nilikuwa mwanafunzi wake. Alinifundisha kwamba michoro mingi ya kanga hurudi tena na tena, kinachobadilika ni jina tu, yaani yale maneno ya chini. Ukichukua mchoro uliopo na kubadilisha jina, umegusa skrini moja. Tuliposhuka Mbezi alinisindikiza hadi Kimara, tukapanda mwendokasi pamoja. Kwenye kituo cha Urafiki alinionyesha upande kilipo kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Alisema kizazi chake kilivaa Urafiki arusini na msibani. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba doti ninayojifunga nyumbani imepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kunifikia.

Mtaa wa Uhuru, karibu na Mnazi Mmoja, ulinipokea kwa rangi. Kanga na vitenge vimepangwa kutoka sakafuni hadi darini, duka baada ya duka. Mzee mmoja muuzaji wa jumla alinikaribisha kiti, akaniambia yaleyale: kiwanda hakiwashi mtambo kwa doti 80. Kisha akanifundisha kununua. Alilowesha kidole, akasugua kwenye pindo jekundu, akakionyesha: hakikuwa na rangi. “Hii haichuji.” Akainua kitambaa mbele ya mwanga wa mlangoni nione uzi ulivyoshikana. Mwisho akatandika doti mbili za mchoro mmoja, zilizotoka mizigo miwili tofauti. Wekundu wa moja ulielekea machungwa, wa nyingine ulielekea damu ya mzee. Wanachama wakivaa hizo mbili siku moja, sare haipo tena.

Nilirudi na sampuli tatu, bei na neno la kuwapa wenzangu. Tulikubaliana kuchukua mchoro uliopo, kuweka jina letu, na kuviomba vikundi vya Mhonda na Mtibwa viungane nasi ili oda ifike kiwango cha kiwanda. Mchoro wa miwa tumeutunza. Siku tukiwa wengi wa kutosha tutauchapa.

Kwa hiyo nawasihi akina mama wenzangu mnaopanga sare: hesabuni watu kwanza, kusanyeni fedha za kila mmoja mkononi mwa mweka hazina, ndipo mbishane kuhusu rangi. Ombeni sampuli, na mchukue mzigo wote kwa mara moja, pamoja na doti chache za akiba kwa wanachama watakaojiunga baadaye. Na kikundi cha jirani kikibisha hodi kutaka kuungana, kifungulieni. Kanga ya peke yenu ni ghali. Ya pamoja inanunulika.