Fuko Uchi na Ukoo Wake

Haya wasomaji wangu, leo siandiki siasa. Nimechoka, na nadhani nanyi mmechoka.

Tuzungumze juu ya fuko uchi, yule mnyama mdogo wa rangi ya waridi, asiye na manyoya, mwenye meno yaliyochomoza nje ya midomo. Makao yake ni nchi kavu za Pembe ya Afrika: Ethiopia, Somalia, Jibuti, na hapa kwetu Kenya kuanzia kaskazini hadi Tsavo. Ukipanda basi la Mombasa, huenda yuko chini ya udongo huo huo mwekundu unaouona dirishani, akichimba kutafuta viazi mwitu.

Mjerumani Eduard Rüppell ndiye aliyemwandika kisayansi mwaka 1842, akamwita Heterocephalus glaber. Sasa, sisi tukisema "fuko" tunachanganya koo. Yule anayewamalizia wakulima viazi kule milimani ni jamaa wa panya. Huyu uchi yuko karibu zaidi na nungunungu! Kwa miaka mingi aliwekwa familia moja na fuko wengine wa Afrika, hadi mwaka 2014 Bruce Patterson na Nathan Upham walipopendekeza apewe yake mwenyewe, kwani alitengana nao yapata miaka milioni 30 iliyopita. Si wataalamu wote waliokubali.

Kichekesho ni kwamba mwaka 2006 fuko wa Zambia na Kalahari walipewa jina la kisayansi Fukomys, kutokana na neno letu la Kibantu. Wa kwetu akabaki na Kigiriki na Kilatini chake.

Kinachoniudhi ni hiki. Jennifer Jarvis alipoonyesha mwaka 1981 kwamba wanyama hawa huishi kama nyuki, malkia mmoja akizaa na wengine wakichapa kazi, aliwatoa Kenya. Leo maabara za ng'ambo zinawafuga kutafuta siri za uzee na saratani, maana wapo waliopita miaka 30. Niliwahi kupendekeza makala juu yao. Mhariri mmoja akasema panya hauzi gazeti. Wiki chache baadaye tukachapisha habari hiyo hiyo kutoka shirika la nje, eti "mnyama wa Afrika".

Afrika ipi? Ninyi wa Isiolo na Mtito Andei, nyumbani mnamwitaje?