Mpanda Baiskeli na Nyumba Yake

Watu wengi katika mji wetu wa Kampala huamini kwamba baiskeli ni chombo cha mtu asiye na nauli. Wakimwona mtu mzima, mwenye kazi na mshahara wake, anapanda kilima cha Rubaga Jumapili alfajiri huku jasho likimtiririka, hudhani amepatwa na jambo. Mimi ni mmoja wa watu hao. Sishindanii kikombe, wala silipwi na chama chochote. Napanda kwa kupenda tu. Leo napenda kueleza raha na taabu za mchezo huu, pamoja na swali ambalo kila mwenye nyumba anayeupenda hana budi kulijibu: je, baba wa watoto ana haki ya kuihatarisha roho yake barabarani kwa ajili ya starehe?

Katika nchi yetu baiskeli haikuanza kwa starehe. Ndiyo iliyobeba kahawa, pamba na mikungu ya matoke kutoka mashambani. Kule Busia, katika miaka ya 1960, vijana waliwapakia abiria kwa baiskeli baina ya vituo viwili vya mpaka wa Uganda na Kenya, na hapo ndipo lilipozaliwa jina la bodaboda. Pikipiki zilipoenea, baiskeli ikasukumwa kando. Kisha mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya Korona, serikali ilisimamisha magari ya abiria, na baada ya siku chache magari ya watu binafsi pia. Baiskeli zikajaa tena barabarani. Nami nilinunua yangu wakati huo, ya mtumba, ili nifike kazini. Marufuku ilikwisha, lakini mapenzi hayakwisha.

Raha ya kwanza ni vilima vyenyewe. Kilima hakijui cheo. Mkubwa na mdogo, tajiri na maskini, wote huinamia usukani na kutweta sawasawa. Anayeanza kwa pupa huishiwa pumzi katikati. Anayepanda kwa kipimo, akichagua gia yake mapema, hufika juu. Askari aliyefundishwa kwenda mwendo mrefu na mzigo mgongoni atanielewa upesi.

Raha ya pili ni kuiona nchi. Safari niipendayo ni ile ya barabara ya Masaka. Tunatoka kabla ya jua, tunapita Kyengera na Nsangi, ukungu ungali umelala juu ya mafunjo ya mabondeni. Baada ya Mpigi tunafika Mpambire, mahali pa mafundi wa ngoma, na ngoma zao zimepangwa kando ya njia. Mwishowe ni Kayabwe, kiasi cha kilometa 72 kutoka Kampala, ambapo mstari wa Ikweta hukata barabara. Hapo tunakula ndizi mbivu na karanga, tunajaza maji, tunageuza. Nimepita njia hiyo kwa gari mara nyingi, lakini sikupata kujua kwamba ina miinuko mingi kiasi hicho, wala kwamba watoto wa njiani wana salamu nyingi namna ile. Na mtu wa kukaa kitini siku tano kwa wiki hupata faida nyingine: mgongo hulegea, na usingizi huja bila kubembelezwa.

Lakini taabu zake si ndogo. Taksi zetu za abiria husimama ghafla mbele yako. Bodaboda hukujia upande usio wake. Kingo za lami zimemeguka, na lori likikupita karibu, upepo wake hukuyumbisha. Mvua ikinyesha, mashimo hujificha chini ya maji. Haya si maneno ya kutishana: taarifa za polisi za mwaka 2022, 2023 na 2024, kila moja, zilihesabu zaidi ya watu 4,000 waliokufa katika ajali za barabarani nchini.

Mwaka mmoja uliopita mwenzetu mmoja aligongwa na gari, akavunjika mguu. Siku ile mke wangu hakunigombeza. Aliniambia, "Baba watoto, sikukatazi. Lakini ukitoka saa kumi na moja alfajiri, mimi silali tena mpaka nisikie lango." Neno hilo lilinikaa moyoni kuliko ugomvi wowote.

Tukakaa tukapatana. Nitaje njia nitakayopita na saa ya kurudi, na nikichelewa nipige simu. Nisipande gizani bila taa mbele na nyuma, wala mvua ikinyesha. Kofia ngumu isikose kichwani, na breki zikaguliwe usiku wa kuamkia safari. Safari ndefu ni mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine niwe nyumbani kabla ya saa tatu. Tena, baiskeli isinunuliwe hata kiraka kabla ya karo kulipwa. Basi jibu langu kwa swali lile ni hili: haki hiyo haimo mikononi mwa baba peke yake. Hupewa na nyumba, naye huitunza kwa kutimiza ahadi.

Mchezo huu unakua katika bara letu. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Watoto wetu wameyasikia hayo. Binti yangu mkubwa sasa anajifunza uani, ingawa bibi yake alikuzwa akiambiwa kwamba si adabu msichana kupanda baiskeli. Naye ameambiwa masharti yale yale.

Kwenu ndugu madereva, wa jeshi, wa polisi na wa raia: mkimkuta mpanda baiskeli mbele, punguzeni mwendo, mwachieni nafasi ya kutosha, ndipo mpite. Yuko mtu nyumbani anayesikiliza lango.