Hesabu Pia Walio Chini

Wasee, leo tuongee kuhusu ndege moja iliyorudi.

Jumapili, tarehe 10 Oktoba 1943, kikosi cha Wamarekani kinachoitwa 100th Bomb Group kiliruka kutoka kambi yake ya Thorpe Abbotts, Uingereza, kwenda kupiga mabomu mji wa Münster, Ujerumani. Ndege zao 13 aina ya B-17 ziliendelea hadi Ujerumani. Ikarudi moja. Moja tu! Rubani wake, Robert Rosenthal, alikuwa kwa misheni yake ya tatu. Aliifikisha nyumbani injini mbili kati ya nne zikiwa zimekufa na bawa lina shimo.

Kila B-17 ilibeba watu kama 10. Piga hesabu: usiku huo kambini, vitanda 120 hivi vilikuwa vitupu. Wengine walikufa, wengine walishikwa mateka. Si ajabu kikosi hiki kilipewa jina Bloody Hundredth, yaani Mia ya Damu.

Mimi nina miaka 22, na wengi wao walikuwa rika langu. Nilipomaliza Masters of the Air, kile kipindi cha 2024 kuwahusu, manze, nilikuwa nimewapenda kabisa. Kule juu baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Mtu anaona mabeshte wake wakianguka na moto, halafu kesho anaambiwa apande tena. Na anapanda. Huo ni ujasiri, hapo sibishani na yeyote.

Lakini kuna kitu hakinitoki akilini. Mara nyingi walitumwa kupiga viwanda, reli na bandari. Siku ya Münster walilengeshwa katikati ya mji, kwa makao ya watu. Waliambiwa hivyo kabla ya kuruka, na kuna ambao moyo ulikataa. Tunajua jina la aliyerudi. Nani kati yetu anajua jina hata moja la aliyekuwa chini?

Beshte yangu aliniambia, "Buda, walikuwa wanapigana na Hitler. Ulitaka wafanye nini?" Ana pointi. Hitler alikuwa lazima ashindwe. Lakini kuwa upande wa haki hakumfanyi mtoto aliye chini ya bomu aache kuwa mtoto.

Na hii si stori ya wazee. Vita vya leo tunaviona kwa simu, vimepigwa na droni kutoka juu na kuwekewa muziki. Nyumba ni kiberiti, mtu ni kadoti. Tunagonga laiki, tunasonga. Wale wa 1943 angalau walihatarisha maisha yao. Sisi tuko kwa kochi.

Mei 1945, siku za mwisho za vita Ulaya, kikosi hicho hicho kilitumwa Uholanzi, ambako watu walikuwa wanakufa njaa chini ya Wajerumani. Wajerumani walikubali kutowapiga risasi. B-17 zikapita chini sana, milango ya mabomu ikafunguka, kikaanguka chakula. Safari hii waliokuwa ndani ya ndege waliwaona watu wa chini kwa macho yao, wakiwapungia mikono.

Hiyo ndiyo sehemu ya historia yao ninayoipenda zaidi. Nikiona video ya vita siku hizi, kabla sijauliza nani ameshinda, nauliza chini pale kuna nani. Wewe huuliza?