Soli na Gundi

Leo nawaletea habari za soli. Msicheke! Mwenye jozi moja ya viatu na safari ndefu kila asubuhi ataniunga mkono. Mama alikwisha sema jozi nyingine ni mwakani.

Fundi wetu sokoni hukwaruza kwa msasa, hupaka gundi pande zote mbili, akangoja ikauke kidogo ndipo agonge nyundo. Nilipomharakisha alinipa kiatu kikuukuu. "Hebu isukume soli iteleze." Wapi! "Sasa ibandue hapa nchani." Bwana we, ikaanza kuachia kwa vidole viwili!

Mwalimu wa fizikia alinieleza. Ukisukuma hivyo, eneo kubwa la gundi hugawana mzigo. Ukibandua, mzigo wote huangukia mstari mwembamba pale ufa unapoishia. Mwingereza A. A. Griffith aliandika mwaka 1921 kwamba ufa husonga nishati inayoachiliwa ikitosha kuumba nyuso mpya. Ndiyo sababu fundi alinitilia nyuzi nchani tu, penye hatari.

Lililonifurahisha zaidi ni kwamba palipoachana bado pana kazi. Ukikanyaga, nyuso hubanana na msuguano huzuia soli kuteleza. Ukiinua mguu, kiatu hupiga makofi! Wahandisi nao, wakipiga hesabu za chuma ndani ya simiti, huhesabu kwanza kushikamana, halafu msuguano unaobaki baada ya kuachana. Chuma hicho hutiwa mbavu makusudi, kisichomoke upesi.